Sura ya Saba: Ndiyo Nne za Mlali

Tangu arudi kutoka kijijini Mlali, Yudith hakuwa na raha, na kilichomkera zaidi ni kwamba hakuijua sababu.

Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Mama wa mchumba wake, Elisha, alimpokea kwa mikono miwili. Alimlisha ugali wa uwele na mlenda mpaka mkanda ukambana, na siku ya kuondoka akamsindikiza hadi barabarani akiwa amemshika mkono. Wajomba walicheka. Elisha alisema mama kampenda, na Jumapili ijayo mshenga angeleta barua ya posa kwa mama mdogo Angelina, aliyemlea Yudith tangu akiwa mdogo. Msichana mwingine angekuwa anachagua rangi za gauni. Yudith yeye akikaa alisimama, akisimama alikaa. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi. Alifungua daftari la masomo, akalifunga, akalifungua tena.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwaka wa mwisho wa uuguzi na ukunga. Masikio yake yaliondoka na homa ya uti wa mgongo alipokuwa darasa la tano. Hayakuondoka kabisa. Kwa mashine mbili ndogo alizovaa nyuma ya masikio, zikifichwa na nywele, alipata sauti, lakini sauti isiyo na maneno, kama redio ya jirani inayosikika ukutani. Maneno aliyasoma kwenye midomo ya watu. Ndiyo maana Yudith alikuwa na macho yale makubwa yasiyobanduka usoni kwa mtu, macho ambayo yalishawapa vijana wengi matumaini ya bure.

Jumamosi hiyo alikuwa zamu ya asubuhi, wodi ya wazazi. Sista Zaitun, mkuu wa wodi, alimsimamisha dirishani penye mwanga, akashusha barakoa yake hadi kidevuni.

"Kitanda namba sita," alisema. "Presha kila baada ya saa moja. Ikizidi mia na hamsini niite mimi, usimwite mwanafunzi mwenzako."

"Kitanda namba sita," Yudith alirudia. "Presha kila saa moja. Ikizidi mia na hamsini nakuita wewe."

"Haya, nenda."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Hakuwahi kusema ndiyo kwa agizo ambalo hajalirudia kwa mdomo wake. Mwaka wa kwanza wenzake walimcheka, wakamwita kasuku. Siku moja Sista Zaitun aliwageukia akawaambia, "Huyu kasuku ndiye peke yake ninayejua kanisikia. Nyinyi wengine mnaitikia tu." Kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

Saa saba na nusu alikabidhi zamu, akatoka. Hakufika mbali. Mtu alimshika bega kwa nyuma, akashtuka nusura aangushe mkoba.

Alikuwa Erica, mdogo wake Elisha, na futi ya fundi ikiwa shingoni.

"Wifi! Nakuita tangu getini unanipita kama hunijui! Kumbe ukivaa sare unaringa hivi?"

"Samahani, wifi. Nilikuwa na mawazo." Uongo huo mdogo ulimtoka kwa mazoea. Kisha akajiuliza: huyu hajui? Elisha alisema nyumbani kwao wote wanajua.

"Simama wima nikupime. Mama kaingia mjini jana, yuko pale kwa Elisha Nkuhungu, kanituma nisirudi bila vipimo vya gauni." Erica alikuwa ameshamzungushia futi kiunoni, huku mdomo wake haupumziki. "Unajua mama alivyofurahi? Anasema ukishaacha chuo atakuchukua twende wote sokoni Kibaigwa, akufundishe kuchagua mahindi. Mimi amenishindwa, nasinzia juu ya magunia."

Yudith alimshika mkono. "Nikishaacha nini?"

"Chuo."

"Nani kasema naacha chuo?"

Erica akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Si wewe mwenyewe? Jamani, wifi! Mama alikuuliza mbele yetu sote. Alisema, 'Mwanangu, mimi ni mjane, nakaa peke yangu. Uko tayari kuyaacha hayo masomo, harusi iwe kabla ya mvua, uje tukae wote hapa Mlali?' Ukasema, 'Ndiyo, mama.' Tena kwa adabu, macho chini, mpaka mama akatokwa na machozi."

"Nikasema ndiyo."

"Mara nne ulisema ndiyo. Hiyo ilikuwa ya mwisho."

Hapo ndipo Yudith alipoijua sababu ya kukosa raha.

Kabla ya safari, mama mdogo Angelina alimkalisha kitako akamfunda. Binti mbele ya wakwe hatupi macho huku na huku. Huinamisha uso, huitikia kwa sauti ndogo. Yudith alipomwuliza Elisha yeye atasikiaje akiwa ameinama, Elisha alimwambia kwa ule upole wake unaoweza kumtoa nyoka pangoni, "Mama nimeshamweleza habari ya masikio yako. Tatizo ni wajomba, wao wanaangalia sana adabu. Wewe inama tu. Mimi nitakaa pembeni yako. Ukitakiwa kuitikia, nitakugusa kiwiko."

Akamgusa mara nne. Naye akaitikia mara nne, akiangalia vidole vyake vya miguu, akidhani anaitikia baraka. Yeye, ambaye wodini hawezi kumpa mgonjwa hata kidonge bila kurudia agizo, aliyatoa maisha yake kwa kuguswa kiwiko! Alimkasirikia Elisha, lakini kwanza alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alijua kwa nini alikubali. Alitaka kupendwa. Alitaka siku moja tu awe mkwe kama wakwe wengine.

"Wifi, nimesema kitu kibaya?" Erica aliuliza. Futi ilikuwa imemning'inia mkononi.

"Hapana. Twende Nkuhungu."

Walimkuta Elisha nje ya geti, kachuchumaa anaosha pikipiki. Elisha Mazengo alikuwa mtaalamu wa maabara pale pale hospitalini, kijana mrefu, mtaratibu, mwenye tabasamu la kuchelewa. Miaka miwili nyuma Yudith alipeleka chupa za damu kwenye dirisha la maabara, na badala ya kumpigia kelele kama wengine, yeye alitoka ndani, akazunguka, akaja kusimama mbele yake ndipo akasema, "Sasa tuongee." Yudith alimpenda siku hiyo hiyo. Tusidanganyane, hata sasa, na hasira zote alizokuja nazo, alipomwona anainuka huku anajifuta mikono kwenye suruali, moyo ulimruka.

Elisha alimtazama usoni, akamtazama dada yake na futi yake, na tabasamu halikuja.

"Erica, ingia ndani," alisema.

Upepo wa Septemba ulikuwa umechachamaa, vumbi jekundu likipita mtaani kama lina haraka ya kufika mahali. Kwenye mashine za Yudith upepo ule ulinguruma mno. Alizivua zote mbili akazitia mfukoni. Ukimya ukamfunika, akabaki na uso wa Elisha tu.

"Ndiyo ya nne ilikuwa ya nini?" aliuliza.

Elisha akageukia pikipiki.

"Usigeuze uso! Ukigeuza uso umenifungia mlango."

Akamrudia. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Yudi, tuongee baadaye. Mama yupo ndani."

"Najua yupo. Nakuuliza, ndiyo ya nne ilikuwa ya nini?"

"Mama alikuwa na furaha," Elisha alisema polepole. "Tangu baba afariki sijamwona akicheka vile. Nikajiambia nitamweleza kidogo kidogo, na mpaka mvua zije atakuwa ameelewa kwamba huwezi kuacha chuo."

"Ulisikia alichoniuliza."

"Nilisikia."

"Ukanigusa kiwiko."

"Yudi..."

"Ukanigusa kiwiko, Elisha! Ulijua ningejibu nini kama ningesikia."

"Ungejibu hapana!" Mishipa ya shingo ilimsimama, Yudith akajua kwamba anapaza sauti. "Ungesema hapana mbele ya wajomba, na kila kitu kingeishia pale pale. Ningekukosa. Niliogopa kukukosa, basi! Hilo ndilo kosa langu."

Yudith alitaka kulia, akakataa. "Na masikio yangu? Uliniambia mama anajua. Erica ananiita mchana kweupe anadhani naringa."

Elisha alianza kukunja mikono ya shati.

"Hajui?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Miaka miwili hukuiona siku nzuri?"

"Hujui watu wa kwetu watakavyosema. Watasema ni ugonjwa wa ukoo, watasema na watoto watazaliwa hivyo. Sikutaka mtu akutazame vibaya. Nilikuwa nakukinga."

"Ulinificha." Alilitamka neno hilo silabi kwa silabi. "Kumbe muda wote ule, kila nikitaka kuja kwenu, mara mama anaumwa, mara wako shambani. Uliniona mimi ni aibu."

"Sikuwahi kukuona aibu! Naapa kwa Mungu."

"Basi uliogopa. Na mimi nilikuamini, nikainama."

Alimwona Elisha anapeleka macho nyuma ya bega lake, akageuka. Mama alikuwa amesimama getini, kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Mbona mnaongelea kwenye vumbi kama watu wasio na nyumba?" alisema. "Mwanangu Yudith, karibu ndani. Chakula kiko tayari."

Elisha alimtazama Yudith kwa macho ya kuomba. Usiseme leo, macho yalisema. Wahenga walishanena kwamba mficha uchi hazai, na Yudith alikuwa mwanafunzi wa ukunga. Akapita, akaingia ndani.

Sebuleni alipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Alikaa mkabala naye. Akatoa mashine mfukoni, akazivaa moja baada ya nyingine mbele ya macho ya mama na ya Erica, bila kujificha. Kisha akainua uso akamtazama mama mkwe wake mdomoni, wazi, bila kupepesa. Mama alikunja uso. Huko kwao hata ng'ombe aliyenunuliwa jana hamkazii mwenye boma macho hivyo.

"Nakuomba radhi, mama," Yudith alisema. "Si utovu wa adabu. Mimi nisipokutazama sikusikii. Masikio yangu yaliharibika kwa homa nikiwa mtoto. Hizi zinanisaidia kidogo, mengine nayasoma mdomoni. Siku ile Mlali niliinama, kwa hiyo sikusikia neno lolote ulilosema. Sikusikia hata moja."

Erica alijiziba mdomo. Mama aliweka mwiko mezani taratibu.

"Elisha," aliita. "Ulijua?"

Elisha alikuwa amesimama mlangoni. "Nilijua, mama."

"Sasa siku ile nilikuwa naongea na nani?"

Elisha alishika fremu ya mlango. "Na mimi, mama."

"Na wewe." Mama alitikisa kichwa mara kadhaa. "Nilimwuliza binti wa watu swali, ukajibu wewe. Wajomba zako wakanywa togwa, wakashukuru. Mimi nikalia machozi, mtu mzima mzima."

"Mama anasema..." Elisha alianza, akimgeukia Yudith.

Yudith akainua kiganja. "Nimemwona. Usinisemee."

"Toka nje," mama alimwambia mwanawe. "Kamalizie pikipiki yako. Erica, na wewe nenda kaangalie jiko."

Wakabaki wawili. Mama alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Alianza kusema kwa nguvu, midomo ikipanuka sana, Yudith akamwomba aseme kawaida tu. Mama akacheka bila kutaka.

"Haya. Nakuuliza mwenyewe sasa. Mimi ni mjane. Mwanangu mkubwa alioa akahamia kwa mkewe Mwanza, wajukuu nawaona kwenye simu. Nilitaka mkwe wa kukaa naye. Uko tayari kuacha masomo, harusi iwe kabla ya mvua, uje tuishi wote Mlali?"

Yudith alirudia kama alivyozoea. "Umeniuliza kama niko tayari kuacha chuo, tuoane kabla ya mvua, nije tukae wote Mlali. Nimekusikia sawasawa?"

"Umesikia sawasawa."

"Hapana, mama. Siko tayari."

Alikuwa hajawahi kumnyima mtu mzima jambo ana kwa ana namna ile.

"Nimebakiza mwaka huu tu," aliendelea. "Walimu wawili walisema siwezi, nikaweza. Jumatatu nina mtihani wa kuzalisha. Nikiacha sasa, nitakuwa nimewaambia walisema kweli. Kuja kukusalimia nitakuja, kulima nitakuja likizo. Lakini kuacha, hapana."

Mama alimtazama muda mrefu. Yudith naye hakuondoa macho. Angeyaondoaje, na jibu lilikuwa linakuja?

"Nikuulize kama mama," mama akasema hatimaye. "Usiku mtoto akilia, utamsikiaje?"

Ndilo swali lile. Yudith alishaulizwa na walimu, na majirani, na moyo wake mwenyewe.

"Leo asubuhi nilikuwa na watoto kumi na mmoja, mama. Anayelia ana nguvu, huyo hanipi hofu. Wa kuogopwa ni yule anayenyamaza. Anakataa titi, anabadilika rangi, pua inacheza. Huyo hasikiki hata kwa mwenye masikio mazima. Anaonekana kwa macho, na macho ninayo. Wangu nitamlaza hapa." Aligusa kifua chake. "Nitamjua kabla hajafungua mdomo."

Mama alichukua ncha ya kanga akaanza kuikunja na kuikunjua.

"Wangu wa kwanza hakulia," alisema. Yudith alilazimika kuinama kidogo ili aione midomo yake. "Nilikuwa nimelala pembeni yake, na masikio yangu mazima. Asubuhi nikamkuta wa baridi."

Yudith alimshika mkono.

"Nisikudanganye," mama alisema akijifuta macho. "Sijakubali. Bado nataka mkwe wa nyumbani, na hayo masikio bado yananitia wasiwasi. Lakini sitaki barua iende kwenu juu ya ndiyo ambayo hukuitoa. Mshenga nitamsimamisha mimi. Mengine tutaongea, mimi na wewe, hivi hivi."

"Ahsante, mama."

"Hata kula hujala."

"Nitakula siku nyingine, mama. Leo hakitapita."

Nje, Elisha alikuwa hajaigusa pikipiki. Alikuja mbele ya Yudith, macho mekundu, na haikuwa kwa vumbi.

"Kasemaje?"

"Jumapili hakuna barua."

Aliyumba kama mtu aliyesukumwa. "Umeniacha?"

"Nakupenda, Elisha." Alilisema waziwazi, kwa kuwa lilikuwa kweli na halikuwa na pa kufichwa. "Nakupenda mpaka najichukia. Lakini sitaolewa na mtu wa kunigusa kiwiko. Ukitaka barua ije, nenda Mlali. Waite wajomba wale wale, wakae pale pale, uwaambie ndiyo ya nne ilikuwa yako. Uwaambie na masikio yangu. Mimi sitakuwepo kukutetea."

"Mbele ya wajomba wote?"

Aliuliza haraka, bila kufikiri, na ndilo lililomwumiza Yudith kuliko yote. Hakukataa. Aliuliza tu. Alikuwa anapima aibu yake mwenyewe dhidi ya Yudith, na mizani ilikuwa bado inacheza.

"Wote," alisema.

Alivua tena mashine, maana upepo ulikuwa haujapungua, akaanza kutembea. Machozi yalimtoka sasa, hakuyafuta. Alipita mashine ya kusaga, akapita kibanda cha matofali, na ukimya wake ulikwenda naye.

Kisha akaona jambo. Mama muuza nyanya aliyekuwa anamtazama akaacha kumtazama, akachungulia nyuma yake. Mafundi baiskeli wawili wakainua vichwa pamoja. Mtoto mgongoni mwa dada mmoja akageuza shingo upande ule ule. Mtaa mzima ulikuwa unaangalia kitu nyuma ya Yudith, na fundi mmoja akamwonyesha kwa kidole, akisema, "Dada, unaitwa!"

Alijua ni nani. Huenda alikuwa anasema atakwenda Mlali kesho. Huenda alikuwa anasema rudi, tuongee, usiende. Kuna maneno ambayo angetoa chochote kuyaona yakitoka kwenye midomo ile, na yapo mengine ambayo yangemfanya arudi aombe msamaha kwa kosa lisilo lake. Shingo ilimwuma kwa kutaka kugeuka.

"Nimesikia, kaka," alimwambia fundi. "Ahsante."

Hakugeuka. Jumatatu alikuwa na mtihani wa kuzalisha, na sare yake ilikuwa imejaa vumbi.